Charles Goodyear: Aliyetupa mpira akafa na madeni

Kiswahili kina neno moja kwa mambo manne. Mti unaotoa ule utomvu mweupe tunauita mpira. Kile kinachotengenezwa kutokana na utomvu huo ni mpira. Kile wanachokigombea wachezaji 22 uwanjani ni mpira, na mchezo wenyewe nao ni mpira.

Shabiki wa Simba au Yanga anapolipa kiingilio hajiulizi kwa nini gozi halipasuki kwenye jua la saa tisa alasiri, wala kwa nini haligandi kama jiwe kule Ulaya kunakocheza wenzetu kwenye theluji. Jibu la swali hilo lina jina la mtu, nalo ni Charles Goodyear.

Jina hilo wengi tunalijua kwa sababu ya matairi. Ukiliona limeandikwa ubavuni mwa tairi la basi la mkoani, utadhani huyu bwana alikuwa tajiri mwenye viwanda. Sivyo. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1898 huko Akron, Ohio, na Frank Seiberling, ambaye hakuwa ndugu yake wala mshirika wake. Alilichukua jina kwa heshima tu. Goodyear mwenyewe alikuwa ameshalala kaburini miaka 38.

Alipofariki aliacha madeni ya takriban dola 200,000, na huyo ndiye mtu aliyekuwa na hati ya serikali ya Marekani ikisema uvumbuzi ule ni wake. Sasa ilikuwaje?

Mtoto wa muuza vyuma

Charles Goodyear alizaliwa Desemba 29, 1800 katika mji wa New Haven, jimbo la Connecticut. Baba yake, Amasa, alikuwa mtengenezaji na muuzaji wa zana za chuma. Kijana alikulia kwenye biashara hiyo, akamuoa Clarissa Beecher mwaka 1824, na baadaye akahamia Philadelphia kufungua duka la vifaa vya chuma.

Mambo yalianza vizuri, halafu yakageuka. Waliokopa hawakulipa, na waliomkopesha walitaka chao. Kufikia mwaka 1830 duka lilikuwa limekwisha. Enzi hizo Marekani mtu akishindwa kulipa deni alifungwa jela, na Goodyear aliingia. Hiyo haikuwa mara ya mwisho. Katika maisha yake aliingia na kutoka kwenye jela za wadaiwa mara nyingi, kama mchezaji anayekusanya kadi.

Mwaka 1834 alipita New York kwenye duka la kampuni ya mpira ya Roxbury. Aliona boya la kujiokolea majini, akaona vali yake ya kujazia hewa ni mbovu, akaenda kutengeneza nzuri zaidi. Aliporudi nayo, meneja alimweleza kwamba tatizo la kampuni halikuwa vali. Tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Viatu na makoti waliyouza wakati wa baridi yalikuwa yanayeyuka wakati wa joto na kurudishwa dukani yakinuka vibaya. Kampuni ilikuwa inakaribia kufa.

Mtu mwingine angeshukuru na kuondoka. Goodyear akaamua kwamba huo ndio ugonjwa atakaoutibu. Hakuwa amesoma kemia, na mfukoni hakuwa na kitu.

Maabara ya jikoni

Aliporudi Philadelphia alifungwa tena kwa madeni. Akamwomba mkewe amletee jela mpira mbichi na kifimbo cha kusukumia unga, kama kile cha chapati. Akaanza kukanda mpira humo humo gerezani.

Alipotoka, jiko la Clarissa likawa maabara. Alichanganya mpira na magnesia, ukaonekana mzuri, halafu ukayeyuka. Alijaribu chokaa, nayo ikaonekana imejibu, lakini tone la siki au ndimu lilitosha kuiharibu. Akajaribu asidi ya naitriki, ambayo iliukausha mpira kwa juu, na mwaka 1837 akapata hataza yake ya kwanza ya mpira kwa njia hiyo.

Tuelewane hapa kuhusu neno hataza. Ni hati ya serikali inayompa mvumbuzi haki ya kuwazuia wengine kutengeneza, kutumia au kuuza alichovumbua, kwa muda maalumu na ndani ya nchi iliyoitoa. Yeye anaeleza wazi namna kitu chake kinavyofanya kazi, na serikali inampa ulinzi. Muda ukiisha, kila mtu ruksa. Goodyear aliijua karatasi hiyo, aliithamini, na maisha yake yote yakaizunguka.

Ile njia ya asidi ilimletea oda ya serikali ya mifuko 150 ya kubebea barua za posta. Akaitengeneza, akaitundika, akasafiri kidogo. Aliporudi, mifuko ilikuwa imeyeyuka na mikono yake imedondoka. Kumbe asidi iliponya ngozi ya juu tu, ndani mpira ulibaki vile vile.

Wakati huo familia ilikuwa inaishi kwa kuuza vitu vya ndani, hadi vitabu vya shule vya watoto. Shemeji yake, William De Forest, ndiye aliyewashika mkono mara kwa mara. Goodyear alizika watoto wachanga katika miaka hiyo ya njaa. Majirani walimwona ni kichaa, mwanaume aliyekuwa akitembea amevaa koti la mpira na kofia ya mpira ili kutangaza bidhaa ambayo bado haifanyi kazi.

Salfa na jiko la moto

Kilichobadilisha mchezo kilitoka kwa mtu mwingine. Huko Woburn, Massachusetts, alikuwepo Nathaniel Hayward, fundi aliyekuwa ananyunyizia unga wa salfa kwenye mpira na kuuanika juani. Mpira wake ulikuwa haunati. Goodyear aliiona thamani ya jambo hilo, akamsaidia Hayward kupata hataza Februari 1839, kisha akainunua haki hiyo. Angalia, hapo hakumuibia mtu. Alilipa.

Mwaka huo huo wa 1839, mpira uliochanganywa na salfa ukagusa jiko la moto. Kisa hicho kinasimuliwa kwa namna tofauti, lakini matokeo hayana ubishi. Badala ya kuyeyuka, mpira ulikauka kama ngozi, ukabaki unavutika. Goodyear akautundika nje usiku kwenye baridi kali, na asubuhi ulikuwa bado laini.

Wengi wanaita hiyo bahati. Mwenyewe hakupenda kabisa neno hilo. Alishikilia kwamba ajali ya namna ile inamfaa tu aliyekuwa anatafuta, na kwa mtu aliyekwishakaa miaka mitano jikoni ni vigumu kumbishia.

Kwa lugha rahisi, mpira mbichi ni kama rundo la nyuzi ndefu zinazoteleza. Ukizipasha joto zinaachana, na ndiyo maana unayeyuka. Salfa ikipata moto wa kutosha inafunga nyuzi hizo moja kwa nyingine, kama vifundo vya wavu wa goli. Ukiuvuta wavu unanyumbuka, ukiuachia unarudi. Mpira nao ukawa hivyo.

Miaka mitano ya kuchelewa

Hapa ndipo mechi ilipoharibika.

Goodyear aliiona siri mwaka 1839, lakini hataza yake kuu, namba 3,633, aliipata Juni 15, 1844. Katikati hapo kuna miaka mitano. Sehemu ya muda huo aliutumia kutafuta kipimo sahihi cha moto na salfa, maana moto ukizidi mpira unaungua, ukipungua hauivi. Sehemu nyingine aliitumia kutafuta hela ya chakula na kukwepa wadai.

Tatizo ni kwamba hakukaa kimya. Alihitaji wawekezaji, kwa hiyo alisambaza sampuli. Mwaka 1842 vipande vya mpira wake vilifika Uingereza kutafuta mnunuzi, kabla hajaweka ombi lolote la hataza kule. Ni sawa na kocha anayewatumia wapinzani mkanda wa mazoezi yake wiki moja kabla ya fainali.

Vipande hivyo vilimfikia Thomas Hancock, fundi mkongwe wa mpira Uingereza, aliyeshirikiana na Charles Macintosh wa yale makoti ya mvua. Hancock aliona unga wa njano kwenye uso wa kipande, akatambua kuna salfa. Akajifungia karakanani, akajaribu hadi akapata. Novemba 21, 1843 akawasilisha ombi lake la hataza London.

Goodyear alipoomba ya kwake Uingereza, alikuta mwenzake ameshatangulia kwa wiki kadhaa. Hata jina la kitaalamu la kazi hiyo, vulkanaizesheni, lililotokana na Vulcan, mungu wa moto wa Warumi wa kale, lilibuniwa na rafiki wa Hancock.

Baadaye suala hilo lilipelekwa mahakamani Uingereza, na mwaka 1855 Hancock akabaki na haki yake. Watetezi wake wanasema alifika kwenye jibu kwa kazi yake mwenyewe. Wanaomtetea Goodyear wanasema bila kile kipande asingejua hata swali. Sheria haikuangalia nani aliteseka zaidi. Iliangalia nani alifika kwanza kwenye dirisha la usajili la nchi ile.

Ufaransa nako mambo hayakuwa tofauti sana. Hataza aliipata, lakini haki yake ilimponyoka kwa kasoro za kisheria. Kwa hiyo katika masoko mawili makubwa ya Ulaya, mvumbuzi alicheza ugenini bila ulinzi.

Ushindi wa Trenton

Nyumbani Marekani alikuwa na karatasi yake, lakini karatasi haijilindi yenyewe. Viwanda viliiga. Kila alipogeuka aliona mtu anatengeneza viatu vya mpira bila kumlipa, na kila kesi ilitaka wakili, na kila wakili alitaka hela.

Kesi kubwa kuliko zote ilisikilizwa Trenton, New Jersey, mwaka 1852. Mshtakiwa alikuwa Horace Day, mwenye kiwanda ambaye alikuwa mwiba kwa Goodyear kwa miaka mingi. Upande wa Goodyear alisimama Daniel Webster, mmoja wa wanasheria maarufu kuliko wote Marekani, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa nchi hiyo. Alilipwa dola 15,000, fedha nyingi mno kwa zama zile. Day naye alimleta Rufus Choate, mwanasheria asiye mdogo. Ilikuwa dabi hasa.

Goodyear alishinda. Mahakama ilithibitisha kwamba mvumbuzi ni yeye na hataza ni halali.

Sasa uliza, wakati huo mfukoni alikuwa na nini? Leseni zake alikuwa ameziuza kwa bei ya kutupa ili apate hela ya haraka ya kuendelea na majaribio. Wenye viwanda waliopata leseni ndio waliotajirika, na hao ndio waliofaidi zaidi ushindi wa Trenton, kwa kuwa ulimwondoa mshindani wao sokoni. Goodyear alipata jina.

Medali gerezani

Alikuwa na udhaifu mwingine. Hakujua kusimama. Badala ya kukusanya mrabaha na kulipa madeni, alitaka kuionyesha dunia kwamba kila kitu kinaweza kutengenezwa kwa mpira, kuanzia samani hadi vito vya shingoni.

Kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851 alijenga banda la fahari, karibu kila kilichomo ni cha mpira, kwa takriban dola 30,000. Mwaka 1855 akafanya hivyo tena Paris kwa takriban dola 50,000. Watu walimiminika na kushangilia. Fedha za banda zilikuwa za mikopo.

Kampuni iliyokuwa inatumia njia yake Ufaransa ilianguka, na Desemba 1855 akakamatwa Paris kwa madeni na kuwekwa kwenye jela ya Clichy. Akiwa humo ndani ndipo nishani ya Legion of Honour iliyotolewa na Mfalme Napoleon III ikamfikia. Mtoto wake ndiye aliyempelekea selo.

Mwaka 1858 serikali ya Marekani ilimwongezea hataza yake miaka saba zaidi. Ilikuwa nafasi ya dakika za lala salama, lakini mwili ulikuwa umechoka. Miaka mingi ya kukanda kemikali kwa mikono mitupu haikumwacha salama. Mwaka 1860, akiwa safarini kumwona binti yake aliyekuwa mgonjwa sana, alifika New York akapewa habari kwamba binti ameshafariki. Akazidiwa, na Julai 1 akafa. Alizikwa mjini kwao New Haven.

Gozi linaingia uwanjani

Soka lilipokea zawadi yake karibu bure. Mwaka 1855, ule ule wa jela ya Paris, unatajwa kwenye kumbukumbu za soka la Marekani kuwa ndio mwaka aliotengeneza mpira wa kuchezea wa kwanza wa mpira uliopikwa kwa salfa.

Kabla ya hapo watu walipuliza kibofu cha nguruwe na kukivalisha ngozi. Katika mji wa Rugby, Uingereza, fundi viatu Richard Lindon aliwatengenezea mipira wanafunzi wa shule ya jirani, na mkewe ndiye aliyekuwa akipuliza vibofu kwa mdomo. Inaelezwa kwamba mama huyo aliugua mapafu na kufa kwa sababu ya vibofu vyenye maradhi. Mnamo mwaka 1862 Lindon akatumia mpira badala ya kibofu, kisha akatengeneza pampu ya kujazia hewa. Hakusajili chochote. Wengine wakachukua, wakauza, na jina lake likabaki kwa wachache wanaofuatilia historia.

Mwenzao mwingine wa Uingereza, John Alexander Brodie, mhandisi wa Liverpool, alichoshwa na ubishi wa goli limeingia au halikuingia, akabuni wavu wa goli na kuuombea hataza mwaka 1889, kabla haujaanza kutumika kwenye mechi kubwa. Kwa hiyo kwenye kila goli unaloliona wikendi kuna historia ya mvumbuzi aliyewahi, aliyechelewa, na ambaye hakuomba kabisa.

Mpira huo huo ulipata soko kubwa zaidi baada ya tairi la kujazwa upepo kuja mwaka 1888. Ndipo utomvu ukawa dhahabu, na kwa ndugu zetu wa Kongo chini ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji dhahabu hiyo ikawa balaa. Watu walilazimishwa kuchuma mpira msituni kwa mtutu wa bunduki. Goodyear hakuishi kuyaona hayo.

Kwa vijana wa Kariakoo na Silicon Dar

Kwa nini ukurasa wa michezo unamzungumzia bwana huyu leo? Kwa sababu vijana wetu wengi wanavumbua, na wengi wanaanza pale pale alipokosea yeye.

Kijana akitengeneza mashine ya kukoboa au kifaa cha kupimia maji, kitu cha kwanza anachofanya ni kukirekodi video na kukirusha, au kukipeleka Sabasaba watu wakione. Anasifiwa, anapigwa picha na mgeni rasmi. Lakini hataza inataka kitu kipya, na kitu ulichokwisha kukitangaza mwenyewe hadharani kinaweza kuhesabiwa si kipya tena. Kwanza usajili, shangwe baadaye. Kama lazima umwonyeshe mwekezaji, mpe kwanza karatasi ya kutunza siri atie saini.

Tanzania Bara kazi hiyo iko BRELA, Zanzibar iko BPRA, na Kenya wana KIPI. Ukitaka ulinzi kwenye nchi kadhaa za Afrika kwa ombi moja, kuna ARIPO, makao yake makuu yako Harare. Goodyear hakuwa na njia hizo. Pia hakuwa na Mkataba wa Paris wa 1883, ambao leo unampa aliyeomba hataza nyumbani miezi 12 ya kuomba nchi nyingine wanachama huku akihesabiwa kuwa aliomba siku ile ile ya kwanza. Tanzania ni mwanachama.

Na ukishaipata hati, usiifanye kama medali ya kutundika ukutani. Jua unauza leseni kwa nani, kwa kiasi gani, na kwa muda gani. Huko ndiko Goodyear alikopoteza ubingwa akiwa tayari ameshika kombe. Maonyesho ya Sabasaba ni kila Julai. Kama una kitu chako unataka kukipeleka viwanjani mwaka huu, pitia kwanza dirisha la usajili.